Likelemba ya Mipira

Habari ya kifo cha Mugisho ilinikuta jikoni nikichagua maharagi, na jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kukasirika. Machozi yalikuja baadaye. Nilikasirika kwamba amefia Lubumbashi, wakati huu ambao uwanja wetu wa ndege hapa Goma umefungwa na hakuna anayejua utafunguliwa lini, na nilikasirika zaidi kumsikia dada yake, Mama Noella, akinieleza kwenye simu kwa sauti kavu kwamba mwili hautakuja. "Batamuzika kule kule," alisema. "Siye tutakaa tu." Basi tulikaa. Tulikaa kwenye ua wake kule Keshero, chini ya turubai, kwenye viti vya plastiki vya kukodi, tukitazama picha iliyowekwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe. Nimekwenda kwenye vilio vingi katika mji huu, kuliko mtu wa umri wangu anavyopaswa kwenda, lakini sikuwahi kuona jinsi wanaume wanavyohangaika na mikono yao wanapokosa jeneza la kubeba. Walipanga viti, wakavipangua, wakavipanga tena upande ule ule. Mimi nilikaa na wanawake kumenya viazi, na angalau viazi vilikuwepo.

Katika picha ile Mugisho amevaa jezi ya klabu yake ya Lubumbashi, namba nne kifuani, mpira kwapani, na lile tabasamu lake la mtu anayetaka kukutania. Mpwa wake mmoja aliniuliza kama nilikuwa nikicheza naye zamani. Nikamjibu kwamba mimi nilikuwa naandika tu. "Unaandika nini, mama?" Pointi, nikamwambia, na mipira iliyodakwa, na pasi, na mipira iliyopotea. Alinitazama kwa ile heshima ambayo vijana huwapa watu wanaodhaniwa wameanza kuchanganyikiwa, kisha akaenda kuongeza makaa kwenye jiko. Ndipo mwaka ule wote uliponirudia, bila kupenda kwangu, maana ni mwaka ambao kwa muda mrefu nimekuwa nikiupita mbali.

Habari za ukoo wangu naziacha, hazina kazi hapa. Inatosha kusema kwamba nilikuwa nimemaliza sekondari, chuo kikuu kilikuwa cha watoto wa watu wengine, na nilikuwa nikiishi kwa shangazi yangu, ambaye sote tulimwita Tantine, katika nyumba ya mbao iliyosimama juu ya mawe ya lava. Tantine ndiye aliyelisha klabu ya basketi ya mtaa wetu. Klabu hiyo ilijiita ya professionnels, yaani ya watu wanaocheza kwa kulipwa, na kweli walilipwa: walilipwa bugali, sombe ya majani ya muhogo, sambaza, vile visamaki vya ziwani, na siku viongozi wakiwa na furaha, kipande cha jibini la Masisi. Chumba cha kulia kilikuwa na meza moja ndefu, mabenchi mawili, kalenda ya parokia, na dirisha ambalo lilibidi kuegemezewa jiwe ili upepo wa ziwani usilifungue. Wanaume warefu kama wale wakiingia humo, chumba kilijaa magoti. Nilijifunza kupitisha sufuria ya maharagi juu ya magoti bila kumwaga tone, na nilijifunza kusikiliza bila kuonekana ninasikiliza, na hiyo ndiyo elimu ya juu niliyoipata.

Kusikiliza huko ndiko kulikonipa kazi. Siku moja walikuwa wakibishana nani alidaka mipira mingi zaidi katika mechi ya juzi, kila mmoja akijipigia debe, nami nikawasahihisha kutoka mlangoni, sufuria mkononi, jina kwa jina. Kocha wao, mzee mfupi mwenye kikohozi aliyeitwa Koch Dieudonné, aliniangalia kama mtu aliyeokota kitu njiani, na kesho yake akaja na karatasi na penseli. Alinifundisha alama zake: kila mtu anapotupa, chora kijiti, mpira ukiingia, kikate kijiti hicho, mpira ukipotea, duara, pasi ikimfanya mwenzako afunge pale pale, nyota. "Binti yangu, usiandike kile unapenda," aliniambia. "Andika kile kimefanyika. Ukishika hii karatasi, hauna ndugu tena." Nilijivuna sana. Nilitembea mtaani na ile penseli sikioni kama fundi wa nyumba, na Tantine alinicheka hadi akakaa chini.

Kati ya wachezaji wale, wawili ndio wa hadithi hii. Mugisho alikuwa nahodha, mtoto wa karani kutoka upande wa Bukavu, mfupi kwa mchezo ule, mwenye maneno mengi na mikono myepesi. Kazi yake uwanjani ilikuwa kuleta mpira na kuwagawia wengine, na nyumbani pia alikuwa hivyo hivyo, hawezi kula kipande cha samaki bila kwanza kuangalia nani hana. Faustin alikuwa kinyume chake. Alitoka Kalengera, kwenye barabara ya Rutshuru, mrefu kiasi kwamba Tantine alimfungia kitambaa juu ya fremu ya mlango asiendelee kujigonga. Aliongea kidogo, na alipokosa kikapu alijisemea mwenyewe kwa Kinyarwanda, polepole, kama anayemwombea mtu msamaha. Mwaka ule vita viliwafukuza watu wa kwao, na mama yake pamoja na wadogo zake wawili wa kike walikuwa Mugunga, kambini.

Nilikwenda naye huko Jumapili moja, nikimsaidia kubeba chakula. Hema lao lilikuwa limejengwa kwa vijiti na plastiki juu ya mawe yale yale meusi tunayokalia sote, ila sisi tulikuwa na mbao za kutuinua na wao walikuwa na mkeka. Kulala juu ya lava ni kulala juu ya meno. Mama Faustin alikuwa na kiti kimoja kidogo cha miguu mitatu, akanilazimisha nikikalie mimi, mgeni, yeye akachutama. Akaniuliza kwa siri, mwanawe akiwa nje na wadogo zake, "Binti yangu, huyu mutoto anasema iko na kazi mujini. Kazi gani?" Nikamwambia anacheza mpira. "Na banamulipa juu ya kucheza?" Nikasema ndiyo, kidogo. Alicheka kwa mkono mdomoni, akatikisa kichwa, akasema kwamba kwao mtu mrefu hivyo angepewa kazi ya kuezeka nyumba. Faustin aliporudi ndani, akiwa amejikunja kama kisu cha mfukoni, alimwambia kitu ambacho nilikisikia na ambacho kila mtu mezani kwa Tantine alikuja kukijua: "Mama, nitapata klabu yenye inatoa nyumba. Nitakutoa huku mbele ya mvua kubwa kuanza." Yeye akamjibu tu, "Sawa, mutoto wangu," kwa namna ambayo mtu humwitikia mtoto anayesema atanunua ndege. Lakini nilimwona akigeuza uso.

Na klabu hiyo ilikuja, au mtu wake alikuja. Mechi za mchujo wa taifa zilichezwa Goma mwaka ule, na tulipangwa na timu kubwa kutoka Kinshasa, mechi mbili. Pamoja na wageni alifika bwana mmoja wa Lubumbashi, amevaa kofia nyeupe, ambaye kazi yake ilikuwa kutafutia klabu ya huko wachezaji. Tulimwita Monsieur, hatukuwahi kujua jina lake lingine. Katika mechi ya kwanza tulifungwa, lakini kwa heshima, na Faustin alicheza vizuri. Monsieur hakuitazama sana mechi. Alikaa kivulini akipiga simu, na mwishoni alikuja mezani kwangu akaomba karatasi. "Macho inadanganya," aliniambia. "Mimi nasoma." Akasoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kisha akauliza kwa sauti namba kumi na tano ni nani na ana umri gani. Kumi na tano alikuwa Faustin. Habari hiyo ilifika nyumbani kabla yetu sisi. Tantine alikuwa ameshachinja kuku.

Siku iliyofuata ilikuwa ya mapumziko, na walikula mchana bila kocha wao, ambaye alikuwa amekwenda kutafuta dawa ya kikohozi. Hapa lazima nieleze kitu kimoja. Tantine na majirani zake walikuwa na likelemba, na walikutana katika chumba kile kile cha kulia: kila mmoja analeta sehemu yake, mmoja anabeba yote, na safari inayofuata zamu inakwenda kwa mwingine. Hakuna aliyeuliza kama anayebeba amestahili, wala atafanya nini nazo. Ni zamu yake, basi. Mabati mengi ya mtaa wetu yalinunuliwa hivyo, na watoto wengi walisoma hivyo, na nadhani kila mmoja wetu pale mezani alikuwa amekulia mgongoni mwa mwanamke aliyekuwa akienda kutoa au kubeba likelemba. Kwa hiyo Mugisho aliposimama na mfupa wa kuku mkononi, hakuhitaji kufafanua.

"Bandugu, tuseme ukweli," alisema. "Bale ba Kinshasa batatupiga kesho. Ile ya kwanza balikuwa wamechoka safari. Sasa kama tutapoteza, tupoteze na faida. Monsieur anatafuta Faustin, na anasoma tu karatasi ya Solange. Basi kesho tufanye likelemba. Kila mutu analeta mupira wake, Faustin anabeba yote."

"Na siye wengine?" aliuliza mchezaji wa pembeni, ambaye kwa kweli ndiye aliyekuwa na mkono mzuri kuliko wote wa kutupa kutoka mbali.

"Weye, zamu yako mwaka kesho. Ama haupendi mama ya Faustin atoke Mugunga?"

Nani angejibu hapana kwa swali kama hilo? Walicheka, wakagonga meza, mmoja akasema wamwekee Faustin na kuku aliyebaki kabisa, kwa kuwa ni zamu yake. Faustin alikuwa akitazama sahani yake. Alisema aksanti kwa sauti ndogo hivi kwamba Mugisho alimwambia arudie, na aliporudia macho yalikuwa yamemjaa maji. Nilisimama mlangoni na mwiko mkononi, na niseme wazi, niliona sijawahi kusikia jambo zuri kama lile. Bado naliona ni zuri. Hilo ndilo linaloniudhi hadi leo.

Kesho yake watu walijaa hadi juu ya kuta. Nilimtafutia Mama Faustin kiti nyuma ya meza yangu. Alikuwa amekuja kutoka Mugunga amejifunga kitenge cha kuazima, kipya, bado kina mikunjo ya dukani. Mechi ilipoanza aliniomba nimwambie tu wakati wa kupiga makofi. Na kwa dakika chache za mwanzo palikuwa na sababu. Mugisho alileta mpira, akampa Faustin, akafunga. Akampa tena, akafunga tena. Nilichora kijiti, nikakikata, nikamwekea Mugisho nyota. Wenzake walipopata mpira walimrudishia Faustin hata walipokuwa wamesimama peke yao chini ya kikapu, na uwanja mzima ulikuwa unashangilia jina moja. Halafu wale wa Kinshasa wakaelewa. Hawakuwa wajinga, na hakikuwa kitendawili. Walimwekea watu wawili, baadaye watatu, na kila mpira uliomfikia ulimkuta katikati ya mikono ya watu. Alitupa akiwa ameinama, akatupa akiwa ameanguka, akanyang'anywa, na mpira ulionyang'anywa ulikimbizwa upande wa pili na kuwa kikapu chao. Kijiti, kijiti, duara. Kijiti, duara. Mstari wa namba kumi na tano ulianza kuwa mweusi.

Mama Faustin alikuwa akipiga makofi kwa kila kitu. "Banamupatia yeye tu!" aliniambia sikioni, akinishika bega. "Mutoto wangu njo mukubwa yabo?" Nikamwambia ndiyo, mama, ndiye mkubwa wao. Ningesema nini? Mbele yangu, kwenye karatasi, mtu yule yule alikuwa anageuka kuwa mchezaji mbovu, mchoyo, asiyeona wenzake, na mimi ndiye niliyekuwa nikimgeuza, kwa penseli, kwa kuandika kile kimefanyika. Watu hudhani anayeandika ana nguvu fulani. Anayeandika hana lolote. Yeye ni mtu anayeona gari likirudi nyuma kuelekea shimoni na kazi yake ni kusema liko wapi sasa.

Wakati wa mapumziko niliacha meza, jambo ambalo sikuruhusiwa kufanya, nikamkimbilia Mugisho kwenye ndoo ya maji. "Munamuharibu," nilimwambia. "Waache wengine batupe. Karatasi inakuwa mubaya, kweli nakuambia." Alikuwa anahema, jasho linamtiririka kidevuni. Nadhani alinielewa. Aliangalia upande wa mama yule mwenye kitenge kipya, akaangalia wenzake waliokuwa wamemzunguka Faustin wakimfutia uso kwa taulo, na akasema, "Solange, likelemba haivunjwe katikati. Niwaambie nini hawa? Bamekubali bote." Koch Dieudonné naye alikuwa ameshaelewa. Alitaka kumtoa Faustin apumzike, lakini aliyeitwa kuingia mahali pake alikataa kuinuka kutoka kwenye benchi. Hakubishana, alikataa tu, kwa adabu, akiangalia viatu vyake: "Koch, leo hapana." Sijawahi kuona kocha akikosa timu kwa sababu timu inapendana. Alirudi akakaa, akakohoa, akafunga mikono.

Sehemu ya pili sitaisimulia yote. Wale wa Kinshasa walitufunga mia moja na kumi na mbili kwa hamsini na tatu, na kuelekea mwisho walikuwa wanacheka wakikimbia. Faustin alimaliza na pointi thelathini na moja, nyingi kuliko mtu yeyote wa upande wowote, na ukitaja nambari hiyo peke yake inasikika kama sherehe. Lakini karatasi ilikuwa na safu nyingine. Ilionyesha vijiti vingi ambavyo havikukatwa, na maduara mengi hadi nilianza kuyabana pembeni, na upande wake wa nyota ulikuwa mtupu. Nyota zote zilikuwa kwenye mstari wa namba nne, wa Mugisho.

Monsieur alikuja kula kwa Tantine jioni ile, kama alivyoalikwa. Sambaza zilikuwa zimekaangwa vizuri, nakumbuka, na hakuna aliyezigusa. Wachezaji walikaa kwenye mabenchi wakiwa wameoga, wamevaa mashati, na Mama Faustin alikuwa jikoni na Tantine, mlango wazi katikati. Monsieur aliifungua karatasi yangu kando ya sahani, akaisoma kwa kidole. Kidole kilishuka, kikapanda, kikasimama.

"Namba ine ni nani?"

Tulidhani amekosea mstari. Mugisho mwenyewe aliinuka akacheka. "Hapana, Monsieur. Weye ulisema kumi na tano. Faustin, simama akuone."

"Kumi na tano nimemusoma," Monsieur alisema, bila ubaya wowote, akinyoosha mkono kuchukua chumvi. "Anatupa sana, anapoteza sana. Banamupatia mupira na yeye harudishe hata moja. Lakini namba ine, timu yake inapigwa vile, na yeye bado analisha benzake? Huyu njo mutu natafuta."

Koch Dieudonné alijaribu kumweleza kwamba walikuwa wamepatana, kwamba ulikuwa ni mpango, lakini maneno hayo yakisemwa kwa mtu wa nje yalisikika vibaya, kama kisingizio. Monsieur alitabasamu. "Koch, kila timu yenye kupigwa iko na hadisi yake." Nikajikuta nami nimeingia ndani, mikono ina mafuta. Nilimwambia kwamba nyota zile hazikuwa kama alivyozisoma. Aliniangalia kwa upole.

"Ni weye uliandika?"

"Ni mimi."

"Kuko uongo ndani?"

Wote waliniangalia. Kutoka jikoni nilisikia Mama Faustin akimwambia Tantine kwamba mwanawe amepewa mipira yote leo, yote, na kwamba hajawahi kuona watu wanaompenda mtu hivyo. "Hapana," nikasema. "Hakuna uongo."

"Basi," alisema Monsieur, akaikunja karatasi.

Mugisho alikataa kwenda. Alikataa kwa hasira, akasema afadhali alale Mugunga yeye mwenyewe. Alikwenda hotelini kumwomba Monsieur amchukue Faustin badala yake, kisha akaomba wachukuliwe wote wawili, na akarudi hana hata maneno ya kututania. Aliyemwondoa ni Faustin. Alimpangia nguo kwenye begi katika chumba ambacho Tantine alikuwa amewapa wawili hao, akizikunja vizuri moja moja, na nilikuwa mlangoni nimeshika chai yao aliposema, "Enda. Ukibaki, mipira yote ile itakuwa imepotea bure." Akambebea begi hadi uwanja wa ndege, kwa miguu, begi likiwa begani juu sana hadi Mugisho asingeweza kulifikia hata angetaka kulichukua.

Mvua kubwa zilikuja kwa wakati wake. Maji yalipita chini ya mkeka, wadogo zake Faustin wakaanza kukohoa, wakapona. Mama yao akaanza kuharisha, hakupona. Nilimwona mara ya mwisho akiwa amelala, amedhoofika, akimweleza jirani wa hema la pili jinsi mwanawe alivyocheza mbele ya watu wa Kinshasa. Hakuna aliyewahi kumwambia karatasi ilisema nini. Barabara ya Kalengera ilikuwa haipitiki, kwa hiyo tulimzika huko huko karibu na Mugunga, kwenye udongo mwembamba ambao lazima uuchimbe kwa nyundo. Wachezaji wote walikuja. Yule wa pembeni mwenye mkono mzuri alichimba bila kupokezana na mtu. Faustin hakucheza tena. Mugisho alikuwa akipiga simu kwa Tantine akimwulizia, na kila simu ile ilipolia, Faustin aliinuka mezani akatoka nje.

Sasa Faustin ni fundi seremala, anatengeneza milango, na yote ni mirefu kuliko wateja wanavyoomba. Alikuja kwenye kilio kule Keshero akiwa na vumbi la mbao kwenye nyusi, akakaa karibu nami, akachukua kisu akaanza kumenya viazi kama mwanamke, bila kuulizwa. Alimenya muda mrefu.

"Solange," alisema, "nilijua."

"Ulijua nini?"

"Siku ile. Hata mbele ya mapumziko kufika. Niliona yule wa pembeni iko peke yake chini ya kikapu, nikataka kumupatia. Pasi moja tu. Nilijua inaniua." Alisimamisha kisu. "Lakini bote bananiangalia, na mama iko pale. Kitu batu banakupatia mbele ya mama yako, utakirudisha je?"

Nikamuuliza kama alimkasirikia Mugisho miaka yote ile. Alishangaa kabisa. Alisema hapana, aliona haya tu: mtu alimtolea kila kitu na yeye hakuweza kukigeuza kuwa kitu. "Alinipatia vizuri," alisema. "Kila mupira ulifika mukononi vizuri. Sikumwambia hata siku moja." Akaendelea na viazi.

Alasiri, saa ya mazishi ya Lubumbashi, mpwa wa Mugisho aliwasha simu ili tuone kwa video. Mtandao ulikuwa wa kusuasua. Pale mezani picha ilikatika, kwenye dirisha ikakatika, na mwishowe mtu akasema ishikwe juu, karibu kabisa na turubai, labda itashika. Wote waligeuka wakamtazama Faustin. Alifuta mikono, akaichukua simu, akainyoosha juu kuliko ambavyo yeyote kati yetu angeweza, na picha ikaja. Tukaliona jeneza, na padri, na watu wasiojulikana kwetu wamevaa nguo nzuri, na udongo mwekundu wa huko. Sisi sote chini, shingo zimepinda, yeye peke yake hakuweza kuona kitu, maana kioo kilikuwa kimetugeukia sisi. Alikuwa anasikiliza tu. Wimbo ulipoisha na kamba zikaanza kulegezwa, aliuliza polepole, "Bananisikia kule?" Mpwa akasema jaribu, papa.

"Mugisho," Faustin alisema, kwa sauti kubwa ambayo sijawahi kumsikia nayo. "Ulinipatia vizuri. Mipira yote ile, ulinipatia vizuri."

Picha ilikuwa imeganda kabla hajaanza kusema. Sisi sote tuliiona imeganda, jeneza likiwa nusu ndani, kamba zimesimama. Mpwa alifungua mdomo amwambie, na Mama Noella akamshika mkono. Faustin alibaki vile, mkono juu, uso umetazama turubai, akingoja jibu, nasi tukakaa chini yake tukingoja mtandao urudi.